Ndege Iliyovikwa Karatasi ya Viatu

Kithaka, Fundi wa Mabango,
S.L.P. 41,
Karurumo, Runyenjes.
17 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Runji,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Karurumo. Naamini joto la Doha bado halijakukausha ukabaki kama omena. Sisi huku tu wazima. Kifua kilinisumbua Februari kwa sababu ya thina ya rangi ninayovuta kila siku kazini, nikanywa maziwa, kikatulia. Goti la mama yako ni lile lile, ila linamfikisha kanisani kabla ya mchungaji. Mke wangu Rwamba ni mzima, na anasema umekonda kwenye picha. Nimemwambia hiyo ni simu mbaya. Wewe je, unalala vizuri? Unapata chakula cha moto? Nijibu hayo kwanza kabla ya mengine yote.

Mvua bado. Inatutisha jioni halafu inaenda zake Meru, kana kwamba huko ndiko inalipwa.

Usishangae kuona kalamu na karatasi siku hizi. Carol, binti wa Wanjira mwenye duka la dawa za mifugo, amepata kazi ya hospitali huko huko uliko, na amekubali kukubebea bahasha hii. Kwenye ile grupu ya familia kila neno linasomwa kwa sauti watu wakinywa chai, na haya ninayokuandikia mzee wako hajui nayaandika.

Jambo lenyewe ni hili. Ndege yako haikuchomwa.

Rudia kusoma hapo kama ni lazima. Mimi nitangoja.

Mwezi wa kwanza walibomoa jiko la zamani, lile la udongo, ili wajenge la mabati. Pale juu kwenye itara, ile dari ya fito juu ya moto, mama yako anapoweka mahindi ya mbegu, kulikuwa na gunia limefungwa kwa kamba ya katani. Mama yako anasema miaka hiyo yote alidhani ni pampu mbovu ya kunyunyizia kahawa, na vitu vya mzee hagusi. Mzee alikataa mtu yeyote asilishike. Alipanda ngazi mwenyewe, na miaka yake sabini na mbili, akashuka nalo kifuani kama mtu aliyebeba kuku wa mayai, akatembea nalo mpaka kwangu. Hakusalimu. Alilifungua juu ya meza yangu, na ndani ilikuwa ile ndege uliyoitengeneza ukiwa kidato cha pili, mbavu za mwanzi na mbao za kreti la maembe, na mpira wa tyubu wa kuzungusha pangaboi la mbele.

Siku ile alipokunyang'anya, ulivyoona wewe ndivyo nilivyoona mimi. Nilikuwa nimekaa pale kwenye jiwe. Mzee aliingia nayo jikoni, akatoka mikono mitupu, na moshi ulikuwa unatoka. Hakusema kitu na wewe hukuuliza. Miaka kumi na saba imepita hivyo.

Sasa, pale mezani kwangu, mzee aliniuliza, "Inaweza kuvikwa tena?"

Unanijua. Kutoka Embu mjini mpaka Mikinduri, ukiona bango herufi zake zimesimama wima kama askari wa gwaride, huo ni mkono wangu. Nimepaka basi Mombasa. Nimepaka hoteli Kampala ghorofa zote tatu. Nilichora simba kwenye baa moja ya Kiambere, wateja wakahamia upande ule mwingine. Nikaanza kumweleza mzee hayo yote.

Akasema, "Kithaka, sikuuliza umepaka nini."

Nikamjibu inaweza. Akaenda.

Sasa nikupe habari ya hali yake, kwa sababu wewe unaosha ndege za kweli huko na utataka kujua. Moshi uliifanya nyeusi kama sufuria, lakini ndio ulioiokoa. Mwanzi hauna hata tundu moja la dumuzi. Viungo viwili tu vilikuwa vimeachia. Ile karatasi ya kufunikia vitabu uliyoivika ilikuwa imekauka, ukiigusa inavunjika kama maganda ya njugu. Niliibandua yote, nikafuta masizi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, nikasugua kwa msasa laini, nikafunga viungo kwa uzi na gundi ya mbao. Kwa kuwa asubuhi hiyo ilikuwa baridi na chai haijachemka, zile karatasi kuukuu nilizitia kwenye jiko. Kumbuka hapo. Ni kosa langu na nitarudi kulieleza.

Karakana yangu ikawa kama bunge. Oscar anayeuza miraa alisema niivike majani ya ndizi yanayofungiwa miraa, ifike ikiwa bado mbichi. Jedidah, jirani yangu mwenye cherehani, alileta kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Nilimshukuru Jedidah na nikaweka kitambaa chake pembeni, kwa sababu mimi ni bingwa na bingwa hashauriwi. Nilichukua karatasi ngumu ya kaki, nikaibandika vizuri, nikaipaka rangi ya mafuta mara tatu, ile ninayopaka mageti. Ilimeta, Runji. Ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye bawa.

Mzee alikuja Jumamosi, akaiinua kwa mkono mmoja, akaiteremsha.

"Umeipaka kama jeneza," akasema.

"Mzee, hii rangi haitatoka miaka ishirini."

"Na haitaruka hata siku moja."

Jedidah alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano. Niliipima kwenye mizani ya duka, ikawa nzito kama jogoo wa Krismasi. Nikaanza upya, na safari hii nilinyamaza kidogo.

Kilichotakiwa ni karatasi nyepesi kabisa, na hapo ndipo ulimwengu wa Karurumo uliponishinda. Karatasi ya zawadi ni ngumu. Tishu za chooni zinayeyuka. Halafu Rwamba akanikumbusha ile karatasi laini inayosokotwa ndani ya kiatu kipya ili kisikunjamane. Tatizo ni kwamba sisi huku tunavaa viatu vya mitumba, na kiatu cha mitumba kinajazwa gazeti. Kiatu kipya hapa kinaonekana mara moja kwa mwaka, shule zikifunguliwa. Bahati ni kwamba ilikuwa Januari. Mukami wa duka la sare za shule alinikusanyia kila karatasi iliyotoka kwenye viatu vyeusi vya wanafunzi, na mimi nikamchorea bango jipya lenye kiatu kinachong'aa. Kwa hiyo ujue ndege yako imevaa kile kilichobaki baada ya watoto wote wa Karurumo kuvaa viatu.

Zilikuwa na mikunjo. Nikazipiga pasi vuguvugu, Rwamba akisimama karibu kulinda pasi yake. Gundi ni ile nyeupe ya shule, nimeizimua kwa maji mpaka ikawa kama maziwa ya kwetu ya kipimo, yale yaliyotiwa maji. Unapaka kwenye mbavu tu, unalaza karatasi, unaivuta kwa ncha za vidole bila hasira. Ikishakauka unainyunyizia maji kwa ile chupa ya Gatwiri wa saluni, na maji yakikauka karatasi inajikaza yenyewe mpaka ukiigonga inalia kama ngoma. Sikuamini. Niliigonga siku nzima.

Bawa la kwanza nililinyunyizia upande wa juu peke yake nikaenda kula. Niliporudi lilikuwa limejikunja kama chapati iliyosahauliwa. Nikajifunza kunyunyizia juu na chini, na kulifungia bawa kwenye ubao ulionyooka, matofali kila pembe, mpaka kesho yake. Halafu juu yake nikapitisha tena ile gundi ya maziwa mara mbili, nyembamba, ili isinywe unyevu. Fundi wa ndege mwenye digrii angetumia dawa ya bei. Mimi nilitumia gundi ya kubandikia ramani ya Kenya.

Rangi nayo ni ya ukuta, ya maji, iliyobaki nilipopaka zahanati. Nyeupe kwa mwili na bluu kwa mstari. Brashi inaacha rangi nyingi, kwa hiyo nilikata kipande cha godoro kuukuu, nikawa nachovya na kugusagusa kama mtu anayempaka mtoto poda. Nilipoiweka tena kwenye mizani, mwenye duka aligonga mizani akidhani imekufa.

Kabla ya kuchora alama, tuliijaribu. Mzee alikataa tusizungushe mpira. Alisema mpira una mwenyewe. Tukaiachia tu, bila nguvu, kutoka juu pale kwenye meza za kuanikia kahawa. Ilishika upepo, ikapita juu ya ua, ikaenda kimya kabisa, ikatua kwenye shamba la Kathuri, lile lile la maharagwe ambalo ng'ombe aliingia siku ile, wewe ukishughulika na ndege badala ya kumchunga. Limelimwa linangoja mvua, kwa hiyo ilitua laini.

Kathuri alikuwa hapo na jembe lake. Akamwambia mzee, "Mutugi, kwanza ilikuwa ng'ombe. Sasa ni ndege."

Mzee wako alicheka. Nakuandikia kama habari tu, kwa kuwa mimi binafsi sikuwa nimewahi kumsikia.

Sasa turudi kwenye lile kosa. Nilipokaa kuchora alama nilikumbuka kwamba ngozi ya zamani, yenye alama zako zote, niliichomea chai. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyechoma ndege yako, ni mimi, na ilichemsha chai nusu kikombe tu. Nilimwuliza mama yako, akakumbuka kulikuwa na bluu. Nilijiuliza mwenyewe, na mimi ninayekumbuka kila herufi niliyoandika tangu darasa la saba nilipoacha shule, sikukumbuka kitu. Ilinibidi nimwambie mzee.

Hakunigombeza. Alivuta kile kiti changu cha rangi, akakaa, akaanza kusema nami nikichora kwa penseli. Mstari unaanza chini ya bawa, si juu. Mkiani kuna nyota yenye pembe tano, moja fupi kwa sababu rula iliteleza. Mlango uko upande wa kushoto na una kitasa. Madirisha ni ya mviringo, uliyachora kwa kuzungusha penseli kwenye kifuniko cha kalamu.

"Kushoto saba," akasema. "Kulia sita."

Nikasema, "Mzee, hakuna ndege yenye upungufu wa dirisha. Hata mimi ambaye sijapanda najua."

"La saba alikuwa bado. Nilimwita kabla hajamaliza."

Nilichora saba kushoto. Nilichora sita kulia. Nikiwa mtu wa kazi safi, nikachovya brashi nimalizie la saba, kwa sababu katika maisha yangu sijawahi kuacha bango likiwa na pengo. Akanishika mkono. Mkono wake bado una nguvu, nikwambie.

"Hilo liache," akasema.

Basi nimeliacha. Kila mteja anayeingia ananionyesha kwa kidole kwamba nimesahau dirisha, na unajua jinsi hilo linavyoniumiza.

Mama yako aliniambia kwamba Pasaka utapata likizo, na kwamba umemwomba ashuke Nairobi mkutane hotelini, yeye peke yake, kisha urudi. Huu ni mwaka wa tisa mkikutana hivyo. Ameshafua leso ya kusafiria nayo na hajamwambia mtu kwamba goti halitaki. Mimi sikushauri kitu. Mimi ni mtu wa mabango, naandika kile mwenye duka anachotaka, na mwenye duka hapa hajaniambia niandike. Nimekueleza tu kilicho mezani kwangu.

Ndege inaning'inia kwenye karakana, mbali na jua. Ile rangi ya bluu ya madirisha iliyobaki iko kwenye kikopo cha jemu. Rangi ya maji ikikaa hivi hivi inakauka juu, inafanya ngozi. Kwa hiyo kila Jumatatu, kabla sijafungua vizuri, mzee anakuja kutoka kule juu kwa miguu, anafungua kikopo, anatia maji matone mawili, anakoroga kwa kijiti, anafunga. Hakai. Hasemi amekuja kwa nini. Leo asubuhi aliuliza zimebaki wiki ngapi Pasaka ifike, nikamwambia tano, akahesabu kwa vidole halafu akakoroga tena.

Nisalimie wenzako wote wa huko, hasa yule wa Chuka aliyekukatia nywele vibaya. Rwamba anakusalimu sana, na Jedidah, na Oscar ambaye bado anaamini majani ya ndizi yangefaa. Mama yako hajui nakuandikia lakini salamu zake zipo kila siku, hazihitaji kutumwa. Mungu wa mlima na wa jangwa akulinde kazini, akulinde njiani, na kama njia itapita huku, ainyoshe.

Mimi nduguyo nisiyekuchoka, na fundi wa ndege wa kwanza Karurumo,

Kithaka.

Nimekumbuka: brashi ni namba mbili, imeoshwa. Usinunue ya huko.