Siku Ile Usukani Ulikuwa Wako

Kaka yangu Athumani,

Nasikia siku hizi unaendesha malori ya mipakani. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia barua hii ya wazi mbele ya watu, maana hata uongo wako uliusema mbele ya watu.

Wewe ndiye uliyenifundisha gari, kwenye njia za mashamba ya mkonge pale Kimamba. Nilipoanza kuvuta tela lenye mashine ya Baba ya kupukuchulia mahindi, ulikaa kando yangu ukasema, "Gari lenye tela halitaki haraka, mdogo wangu." Tulizunguka misimu mingi pamoja, Zombo hadi Iringa, tukilala chini ya turubai moja. Ulinipa kipande kikubwa cha muhogo ukidai umeshiba, nami nilijua una njaa.

Kisha ikaja safari ile. Wateja wa Iringa walikuwa wametuambia kuna mashine nyingine iko njiani, na itakayotangulia ndiyo itakayopata kazi. Ukashika usukani tangu Kilosa, ukalipita basi la abiria kwa mbwembwe. Nikakuomba upunguze mwendo.

"Unataka tufike kesho kutwa?" ukanijibu.

Mikumi injini ikachemka. Tukiwa tunaimwagia maji, basi lile lile likatupita, abiria wakitupungia mikono. Ulikasirika. Ulipoondoka ulikimbia kuliko mwanzo, mpaka kwenye mteremko tela likaanza kuyumba. Nilipiga kelele usikanyage breki ghafla. Ukakanyaga. Tela likapinduka na kutuburuta mtaroni. Mkono wangu ukavunjika, na mashine ambayo Baba aliuza ng'ombe wake wote kuinunua ikabaki vipande.

Mimi nililazwa, wewe ukatangulia nyumbani. Niliporudi na bandeji ngumu mkononi, nilimwamkia Baba. Alikawia kuitikia.

"Marahaba. Mwanangu, kama ulichoka, si ungemwachia kaka yako usukani?"

"Baba, si mimi niliyekuwa naendesha."

Akakugeukia, wajomba wote wakisikiliza. Wewe ukaangalia kikombe chako cha chai.

"Ni yeye, Baba. Lakini tusimlaumu. Alishikwa na woga tu."

Hilo "tusimlaumu" liliniuma kuliko mfupa. Ulinisingizia, kisha ukajifanya mtetezi wangu. Baba akaninyang'anya funguo, nami nikarudi kuuza nyanya sokoni Kilosa, nikiitwa mwanamke aliyeangusha mashine ya baba yake.

Msimu huu dereva wa Baba aliugua ghafla, na mashine ilikuwa imekwisha kuundwa upya. Baba akanipa funguo, akapanda kando yangu. Kabla ya Mikumi, pikapu yenye tela ikatupita ikipiga honi.

"Mwenzio huyo atafika mchana," Baba akanung'unika. "Sisi tutaingia na giza."

Nikashika mwendo wangu uleule. Mikumi tukaikuta kando ya barabara, tairi la tela limepasuka kwa joto. Tukanywa chai, tukaendelea. Ikatupita tena, mbio zaidi. Kwenye kizuizi cha polisi cha Ruaha tukaikuta imesimama mbele yetu, gari moja tu likitutenganisha. Baba akacheka peke yake.

Lakini hakucheka kwa muda mrefu. Kule nyuma, kwenye mteremko uliotuangusha, alikuwa ameniona nikishusha gia mapema, gari likiteremka taratibu na tela likifuata bila kuyumba. Pale kizuizini akaitazama mikono yangu.

"Siku ile hukuwa wewe."

"Sikuwa mimi, Baba."

Akavua kofia, akafutia macho.

Kaka, hasira yangu haijaisha. Ungekiri, tungelia pamoja juu ya chuma kilichovunjika na kesho yake tukaanza upya. Ulichonivunjia mimi hakina fundi. Baba anataka kulisikia neno la kukiri kinywani mwako, mimi sitakusemea. Njoo. Nitakuamkia, kwa sababu u mkubwa wangu. Baada ya hapo, sijui.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemsingizia.