Mkono wa Mama Yako

Kisenyi,
Kampala.
13 Agosti 1977

Mpendwa kaka Wahabi,

Salamu tele za binamu yako aliyekukumbuka sana. U hali gani huko Leeds, na baridi, na masomo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mama yako ana mkono mmoja. Usishtuke, soma kwanza.

Daftari la sheria za ule mchezo wa mezani uliotutumia, wa kila mchezaji kuwa na mtu wake wa hadithi, lilifika, na dadu zake zote. Kila Jumapili mchana tunaucheza: mimi, mama yako, na Tarcisio, fundi wa gereji ya jirani, ambaye ndiye msimulizi na ndiye majambazi wote. Shujaa wako Marjani namchezesha mimi. Uliandika kwamba akifa ukurasa wake uchanwe, na neno hilo limemkaa vibaya mama yako, shangazi yangu.

Yeye mtu wake ni mama muuza mandazi. Kila akikutana na jambazi anataka kumsalimia kwanza. Tarcisio akamweleza kuwa kusalimia nako ni kitendo, na ukipigwa kabla hujakimaliza, kimekatika, zamu imepotea. Shangazi akajibu kwamba hao watu hawakulelewa. Tulicheka mpaka chai ikapoa, tena chai kavu isiyo na sukari, maana unajua siku hizi ilivyo adimu.

Sasa Jumapili iliyopita. Marjani alishajeruhiwa mara mbili: mguu, kwa hiyo hakimbii, na jicho, kwa hiyo halengi vizuri. Jeraha la tatu ni kifo. Nikasema anavuta upinde. Kabla sijatupa dadu, jambazi akarusha mkuki. Kitendo changu cha upinde kimekatika hapo hapo, na Marjani amesimama tu, mkuki unamjia.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Mimi zamu hii sijafanya kitu. Nasimama mbele ya mtoto."

Tarcisio akasoma daftari, akalisoma tena. Inaruhusiwa. Mkuki ukampata muuza mandazi mkono wa kushoto, na zamu iliyofuata Marjani akammaliza yule jambazi. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Lakini daftari lako linasema mkono uliojeruhiwa haufanyi kazi mpaka mwenzako akuuguze zamu nzima bila kukatizwa. Basi shangazi ameufunga wa kwake kwa leso, wiki nzima sasa. Ugali wa posho anausonga kwa mkono mmoja, sufuria nashika mimi. Jirani amemletea dawa ya kuchua, naye ameipokea na kushukuru.

Nikamwambia kesho Marjani atamwuguza, yaishe. Amekataa katakata. Anasema mimi Marjani nimeshikishwa tu, mwenyewe yuko Leeds, na atakayemfungua leso ni huyo mwenyewe.

Tarcisio na mkewe Aber wanakusalimu sana. Mungu akufungulie masomo na akulinde na hiyo baridi.

Nimalize, maana shangazi amesimama hapa mlangoni. Anauliza zamu yako ni lini. Ni mara ya tatu leo; mjibu wewe.

Wako akupendaye daima,
Dadako Safinah