Pumzi Iliyochelewa

Nshambya, Bukoba
Jumapili

Dada yangu Verdiana,

Shikamoo. Naamini mko salama huko Muleba, na mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi ni mzima, ila furaha imenijaa hata chakula hakipiti. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unaijua ile mashine ya kuchambua kahawa hapa kiwandani ninapotunza mitambo. Kamera ikiona punje mbovu inadondoka, kompyuta inaamuru bomba la hewa liipulize nje. Msimu huu punje nzuri zikawa zinatupwa, mbovu zinaingia kwenye magunia. Meneja wetu, Mzee Rutaihwa, alisema mwendesha mashine, Datius, ameharibu mipangilio, na atamwachisha kazi. Datius aliapa hajagusa kitu.

Niliijaribu kwa kahawa kidogo, ikafanya kazi vizuri kabisa. Mzee akasema basi tatizo ni mtu. Nikaomba wamimine kahawa kama siku ya kazi, na kompyuta iihifadhie ofisi picha za punje kama kawaida. Nikafunga kipimo, waya mmoja kwenye kamera, mwingine kwenye bomba. Dada, laiti ungekuwepo! Muda kati ya kuona na kupuliza ulianza kuyumba. Kila mara kompyuta ilipohifadhi picha, amri ya kupuliza ilikaa foleni, hewa ikachelewa, ikaipiga punje nzuri iliyofuata. Nilizima kuhifadhi picha, muda ukatulia. Nikawasha, ukayumba. Nilipiga kelele hadi Joanitha wa maabara akaja mbio akidhani nimepigwa shoti!

Nimebadilisha programu, sasa kupuliza hakusubiri kazi nyingine yoyote. Jana tumechambua kahawa ya Maruku kutwa nzima, mashine imejaa, picha zinahifadhiwa, na haikukosea. Mzee Rutaihwa alimfuata Datius mbele ya watu wote, akamshika mkono. “Nilikukosea, mwanangu,” alimwambia. “Nisamehe.”

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Mimi na Datius tunapendana tangu Pasaka. Nilipokuwa nafunga zile nyaya nilikagua kila kiungo mara mbili, maana kama kosa lingekuwa lake, ningelisema mwenyewe. Nilimwonya hivyo kabla sijaanza. Akanijibu nipime tu.

Jana jioni ameomba aje nyumbani na wazazi wake kujitambulisha. Ni Wakatoliki wa Kashozi, na unamjua Baba alivyo na Ulutheri wake. Tafadhali, mwandae polepole. Akikasirika, mwache akasirike. Mimi nimeshasema ndiyo.

Msalimie shemeji, wakumbatie watoto wote kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Judica