Sayini ya Nne Mlangoni mwa Jiko

Jumapili, baada ya rozari.

Na ulimi wangu huu ndio ulioniponza. Juzi kilabuni nimewatangazia wote kwamba mjukuu wangu Devotha anazimenya hesabu kama ndizi. Kumbe kesho akirudi shuleni Rulenge mwalimu atamwita ubaoni, na akishindwa anaondolewa mchepuo wa sayansi.

Jioni Devotha kaandika kwa chaki kwenye mlango wa jiko hesabu ya pembe na vipeo: sayini ya nne toa kosi ya nne. Eti athibitishe ni sawa na sayini mraba toa kosi mraba. Anaandika, anafuta, macho mekundu.

Nikamwita kwa utani wetu: "Mke wangu, si uhamishe kimoja kiende ng'ambo? Mimi nilishahamisha chui kwa mkia!"

"Babu, hapa hatuvuki alama ya sawasawa! Unahangaika na upande mmoja mpaka ufanane na wa pili."

"Ahaa, kama kwenye posa. Wa kwetu hakai upande wa wakwe."

"Babu, nakuomba unyamaze."

Nikauziba mdomo kwa kiko. Afadhali yule chui.

Akaipasua hesabu ikawa mabano mawili yanayozidishana, moja la kutoa, jingine la kujumlisha. Ghafla akaruka: "La kujumlisha jibu lake ni moja, Babu! Kuzidisha kwa moja hakubadilishi kitu, linaondoka!" Kilichobaki kikafanana na ng'ambo.

Nimefurahi, ila kalala bila kula. Mlango haumkodolei mtu macho. Mwalimu je?

Kesho kilabuni wataniuliza habari zake. Nitawajibu sijui, tusubiri. Neno hilo hawajawahi kulisikia kinywani mwangu.