Maharage ya Mama Sekela Hayakukuua

Mama,

Barua tulizofundishwa kuandika darasani zote zinaanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, nilikuwepo walipokufukia. Basi naanza na yangu. Sijambo, nimechoka. Eva ameota meno mawili ya chini na ananing'ata. Na jana, siku ya soko, nimekula maharage ya Mama Sekela mbele ya Uyole nzima.

Usishtuke. Au shtuka ukitaka, maana na jingine nimelifanya, lile ulilonikataza. Nimesema ugonjwa wako.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hoteli yake, lile la mbele linalotazama barabara, nasubiri lori la kurudi Iringa. Mtoto amelala kwenye kanga hapa ubavuni. Karatasi hii amenipa Mama Sekela, ni ya kufungia sukari, kalamu inakwama kila mahali. Vumilia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kula hotelini. Wanawake wenzako wa kule mlimani walikuwa wakishuka sokoni na viazi vya kuchoma ndani ya kanga, wanakula wamewapa watu mgongo, wanapanda kurudi. Wewe hapana. Baba alipofariki ukaanza kupeleka viazi Chimala na kurudi na mchele, na kila lori liliposimama uliingia ndani, ukakaa katikati ya madereva na mautingo, ukaita kwa sauti: "Haya, leteni hicho mnachokiita chakula." Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimejificha nyuma ya magunia kwa aibu. Ukaniita mbele ya wanaume wote: "Salome, njoo ukae. Njaa yako na yao ni moja."

Na ulikuwa na taratibu zako. Kwanza unayatazama maji ya kunawa. Yakiwa na mafuta juu, unaondoka bila kuaga. Kisha unaagiza maharage, hata kama wamechinja siku hiyo, maana ulisema nyama mbaya mtu anaweza kusingizia ng'ombe, lakini maharage mabaya ni mpishi tu. Kule Chimala ulimwambia mwenye hoteli, "Baba, mchele wako mzuri, ila huko jikoni kuna mtu anauonea," naye akaenda akamtoa mpishi aje asikie mwenyewe. Na pale Mlandege, Iringa, ile supu ya mbuzi! Ulisema mbuzi alipita tu juu ya sufuria akaendelea na safari zake. Mwenye hoteli akakasirika, akakuamkia kwa Kihehe chake kwa kejeli, "Kamwene mama, basi kesho usije." Ukamjibu, "Kesho nakuja. Nisipokuja nani atakwambia?" Na kesho yake ukaenda, na supu ilikuwa nzito.

Hata kwa Mama Sekela hukuwa na huruma. Alipofika hapa Uyole kutoka Tukuyu, na sufuria mbili na bintiye Sekela, ulikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kumwambia maharage yake yamelia machozi. Akajifunza. Baada ya mwaka mmoja ulikuwa unalipita soko zima na njaa yako ili ule kwake.

Unajua desturi yetu, mpishi humwonjea mgeni. Anachota kidogo, anakula mbele yake, ndipo mgeni anapokea sahani, ajue hakuna kilichotiwa. Mama Sekela aliishika sana desturi hiyo kwa kuwa yeye ni mtu wa kuja. Wewe ukamkataza. Nilikuwepo. Ulimwambia, "Mdogo wangu, ulimi wako umekaa kwenye moshi tangu alfajiri, utanionjea nini? Weka mwiko chini. Mimi naonja kwa ulimi wangu." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo aliwaonjea wateja wote isipokuwa wewe peke yako. Ilikuwa heshima, Mama. Na heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Sasa nafika kwenye lile. Ulipokuja Iringa kumwona Eva amezaliwa, ulinichukua tukale pale pale Mlandege. Ukaagiza, ukaonja kidogo kwa ncha za vidole, ukatoa hukumu yako, watu wakacheka, sahani ukanisukumia mimi: "Kula wewe, unanyonyesha." Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikakufuata nyuma ya hoteli. Ulikuwa umeinama, mkono ukutani, unatapika kitu cheusi.

Nikakuuliza tangu lini. Ukasema tangu mavuno ya mwaka uliopita. Nikakuuliza kama umekwenda hospitali. Ukasema, "Nimekwenda. Daktari kaniminya hapa, kanitazama usoni, halafu akaanza kuniuliza nina watoto wangapi." Ukacheka. Mimi sikucheka.

Kumbe wote waliokuwa wakisema barabarani kwamba mama wa viazi siku hizi amekuwa mkali, anaonja tu anaacha, hawakujua kuwa chakula kilikuwa hakipiti. Ulijificha ndani ya sifa zako mwenyewe. Ukaushika mkono wangu ukauweka juu ya kichwa cha Eva, ukasema niape. "Wakijua nyumbani watanilaza wanipe uji. Mimi nikifa, nife nikitoka kuonja chakula cha watu." Nikaapa.

Ukafa hivyo hivyo. Alhamisi ulionja maharage kwa Mama Sekela, Jumapili hukuwepo.

Hujui kilichotokea matangani, acha nikwambie. Mama Sekela alipanda mlima na sufuria kubwa kichwani, maharage ya kuwalisha waombolezaji, jasho linamtiririka. Baba Mdogo akamzuia uani. Akauliza mbele za watu, "Wateja wako wote unawaonjea. Shemeji yangu ulimwonjea?" Mama Sekela hajui kusema uongo. Akasema hapana. Basi. Hilo neno moja likatosha. Sufuria ikamwagwa kwenye mtaro. Mbwa wa jirani wakaja wakala mpaka wakalamba mawe, na kesho yake walikuwa wazima wanabweka, lakini nani alitaka kuwatazama mbwa?

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani. Nikanyamaza. Nilijiambia ni kiapo. Siyo kweli yote, Mama. Nilimwogopa Baba Mdogo, na nilikuwa nimelia mpaka sina mdomo. Mama Sekela alinitazama mara moja, akaokota sufuria yake, akashuka.

Nikarudi Iringa kufua nepi. Siku moja dereva mmoja, yule mwenye pengo aliyezoea kukuita bibi mkubwa, akanipa habari. Hoteli ya Uyole wanaipita tu. Mama Sekela anapika sufuria ndogo, anakula na bintiye. Na Baba Mdogo na wazee wenzake wamempa mpaka mvua za kwanza, awe amefunga virago, la sivyo nyumba itachomwa.

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Nakwambia wazi, maana uliniambia chakula kibaya kisemwe mbele ya aliyekipika. Ulitaka ufe mtu mzima mbele za watu, ukatupa kazi sisi tuliobaki. Mimi ukanipa kiapo, Mama Sekela ukampa jina la mchawi. Hukukusudia. Najua hukukusudia. Lakini mwenzako analala na maji ya kuzimia moto mlangoni.

Mama Mkwe aliposikia ninakokwenda alisimama mlangoni. "Wewe unanyonyesha! Ukila sumu, anakula mtoto!" Baba Eva alivaa viatu akaenda kuniombea nafasi kwa dereva.

Basi jana. Soko limejaa, vitunguu, pareto, kelele, na hapa kwenye benchi hakuna mtu. Nikaja nikakaa. Nikasema kwa sauti, kama wewe, ila yangu ilikatika katikati: "Mama Sekela, lete maharage." Akatoka jikoni. Amekonda. Alipoona ni mimi akarudi ndani, nikadhani hatatoka tena. Akatoka na sahani, na mwiko mkono wa pili, akataka kunionjea. Nikamwambia, "Weka chini. Naonja kwa ulimi wangu."

Watu wakasogea, siyo karibu sana.

Nikala. Mama, yalikuwa mabaya! Chumvi ya kutosha ng'ombe, na mengine magumu kama changarawe. Mtu akikata tamaa anapika hivyo. Nikawaza, nikiyasifia watasema namwonea huruma, na kama namwonea huruma basi kuna kitu. Nikayamaliza yote, nikafuta sahani kwa ugali, nikasema ili mpaka wa pareto wasikie: "Mama Sekela, maharage yako leo hayafai. Hayakuiva, na chumvi umemwaga kwa hasira. Mama yangu angeyarudisha jikoni."

Halafu yule mama muuza vitunguu, yule mnene, akaangua kicheko: "Loo! Huyu hakuokotwa, huyu alizaliwa!" Na Mama Sekela, nakuapia, akakasirika. Akashika kiuno. "Hayafai? Umeyamaliza ya nini basi?" Ilikuwa mara ya kwanza kuiona sura yake ya zamani.

Ndipo Baba Mdogo akapita katikati ya watu. "Salome, unafanya nini hapa?" Nikasimama nikamwambia shikamoo. "Marahaba," akaitikia kabla hajakumbuka kuwa amekasirika. Nikamwambia hapo hapo, nisije nikapoa. Nikamwambia mwaka mzima ulikuwa huli, ulikuwa unaonja tu. Nikasema kile cheusi. Nikasema daktari alikuuliza una watoto wangapi. Nikasema uliniapisha, na kwamba pale mkekani nilinyamaza kwa woga, na kosa hilo ni langu.

Akasema, "Uongo. Angeniambia mimi."

Nikasema, "Angekwambia, ungemlaza umpe uji."

Eva akaamka akalia. Analia kwa njaa, kila mama pale alikijua kilio hicho. Nikaona macho yote yanashuka kutoka usoni kwangu mpaka kifuani. Nikamsikia mtu nyuma akisema taratibu, "Asimpe, jamani, asubiri kwanza."

Sikiliza nikwambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Niliogopa. Nilijua maharage yale hayana kitu, nilijua kama ninavyojua jina langu, na bado mkono ulikufa ganzi kwenye vifungo vya gauni. Maneno ya watu wengi yana nguvu hiyo. Nikafungua kifungo, nikampa mtoto titi, nikakaa nikamtazama Baba Mdogo. Eva akanyonya, akaning'ata, nikamfinya, akanyonya tena mpaka akashiba. Hakuna aliyeondoka. Walisimama wanasubiri kama wanaosubiri kufa kwa mtu, na mtoto akacheua, akawacheka.

Muuza vitunguu akaja akakaa benchini. Akasema, "Mama Sekela, niletee na mimi, ila siyo haya." Madereva wawili wakamfuata. Ni watatu tu, Mama, sitaki kukudanganya. Wengine waligeuka wakaenda zao.

Baba Mdogo akaniambia kwake nisilale, wala nisirudi kuomba. Nimelala kwa Mama Sekela. Asubuhi hii Baba Mdogo alipita hapa akienda kanisani, amevaa koti lake. Hakusalimia. Lakini alipunguza mwendo, akamtazama Eva vizuri, miguu mpaka kichwa, akaenda. Wazee wanasema wataketi tena kuzungumza habari ya hoteli. Waketi. Nimempelekea mzee mkubwa ujumbe kuwa siku hiyo nitakuwepo, na mtoto, na yale yale nitayarudia mbele yao, na jina la hospitali wakilitaka nitawapa.

Kiapo nimekivunja. Ukinikasirikia ni haki yako. Na mimi bado nimekukasirikia kidogo, basi tumelingana, na hata hivyo nimekukumbuka mpaka mbavu zinauma.

Nakuahidi hivi. Kila nitakapopita barabara hii nitashuka hapa, nitakaa mbele wanaponiona wote, sitaonjewa. Kibaya nitasema kibaya, na nitakuja tena kesho yake. Eva nitamkalisha pembeni yangu, wala hatajificha nyuma ya gunia.

Lori limefika, dereva ananionyesha saa. Kwaheri, Mama. Pumzika, umeonja vya kutosha. Hatafukuzwa mtu Uyole kwa jina lako, mimi nikiwa hai.

Mwanao,
Salome