Hakukuwa na Mbuzi, Baba Adan

Baba Adan, salaam aleikum huko uliko.

Mimi na mtoto tuko wazima, alhamdulillahi. Hilo ndilo jema nililo nalo. Mengine nimekuja kugombana nawe, na leo utakaa kimya usikilize. Ulipokuwa hai nikikasirika ulikuwa unanitania mpaka nacheka, halafu tunasahau nilichokasirikia. Leo sicheki.

Unakumbuka ile siku ulienda Garbatulla kumwona mama yako? Jioni nikakupigia simu. "Weka chai," ukaniambia, "nimeshapita Kulamawe. Hapa kuna punda wamelala katikati ya barabara, dereva anapiga honi hawaamki." Na papo hapo nikamsikia mama yako nyuma yako, "Guyo, hebu ongeza maziwa." Wallahi, nilicheka mpaka nikakaa chini. Kulamawe gani, na mtu bado yuko kwenye mkeka wa mama yake!

Mji huu wote watu husema "niko karibu" wakiwa bado wanatafuta viatu, hiyo ni kawaida yetu. Lakini wewe ulitia chumvi. Ukisema ukweli, ulisema maneno mawili ukakata simu. Ukidanganya, ulileta punda, ukaleta lori limelala ubavu, ukaleta ngamia wa mtu fulani aliyekataa kuvuka. Hata Adan alikuwa amekujua. "Baba amesema yuko karibu? Basi sisi tule."

Nilikuvumilia kwa sababu ya jambo moja. Tulipooana niliogopa ile kazi yako ya kurusha ndege ndogo za mizigo. Nikakuuliza, kama unadanganya hivi barabarani, huko juu je? Ulinishika mkono, na hukucheka. "Huku chini ni mzaha, Rukia. Huko juu hakuna mzaha. Tunachoambiana redioni ndicho macho yetu." Nikaamini. Kila ulipotoka asubuhi, nilifanya kazi zangu nikiwa nimeegemea maneno hayo.

Kisha ndege yako ikagongana angani na ya Makena, yule rubani msichana, karibu na kile kiwanja cha changarawe mlichokuwa mkitua nyote wawili. Mkafa wote. Pale hakuna mnara wa kuongoza ndege. Marubani huambiana wenyewe redioni nani yuko wapi, na aliye karibu zaidi hutangulia kutua. Hata watu hawajaondoka msibani, ndugu zako walikuwa wameshaamua kwamba yule msichana alikukata mbele. Baba yake unamjua, yule Mmeru anayeuza miraa karibu na stendi. Vijana wetu wakaacha kununua kwake. Mmoja akamwambia machoni, "Mtoto wako ametuulia mtu." Mzee akaendelea kufunga miraa yake kwa majani ya mgomba.

Juzi juzi wachunguzi wa ajali wakaniita. Redio ya ofisi yenu ilikuwa imerekodi mazungumzo yenu, wakataka niseme kama sauti ni yako na kama ulisikika mgonjwa au mchovu. Mchunguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, akanivalisha visikizi masikioni yeye mwenyewe. Baba Adan, sauti yako! Sikujua kama nilie au nikuitike. Mara ya kwanza ulitaja ndege yako na umbali, basi. Ukaita tena, vilevile. Mara ya tatu ukasema, kwa kile Kiingereza chako cha redioni, kwamba umebakisha maili mbili, unakuja kutua, na mwishoni mwa uwanja unaona mbuzi, wengi, na mmoja mweusi amekataa kutoka.

Makena akakujibu, "Sawa kaka, tangulia. Nakuja nyuma yako." Sauti ya mtoto aliyelelewa. Kisha kimya. Kisha mlio ambao sitauandika hapa.

Mchunguzi akazima, akanieleza polepole. Kutoka maneno yako mpaka mgongano ulipita muda mrefu mno. Ndege iliyobakisha maili mbili ingekuwa imeshatua. Ulikuwa wapi muda huo wote? Wao walidhani ni wale mbuzi: kwamba ulizunguka ukingoja waondoke, msichana akachoka kungoja, akaingia mbele yako. "Hakuna mtu anabuni mbuzi," akasema. "Lazima alikuwa karibu, akawaona."

Nikavua visikizi. Mimi namjua mtu anayebuni mbuzi. Nimezaa naye.

Hukuwa karibu. Ulikuwa bado mbali huko nyuma, ukataka utangulie, ukaleta mbuzi. Makena akangoja mpaka akadhani umeshatua, akageuka kuingia, na wewe, huna hata wasiwasi kwa kuwa amesema yuko nyuma yako, ukamjia kwa nyuma.

Ulinisaliti, Guyo. Heri ingekuwa mwanamke, ningemtukana nikamaliza. Ulichukua mzaha wa nyumbani kwangu, ule niliokuwa nikiwasimulia majirani tukacheka, ukaupandisha ndegeni. Na ile siku umenishika mkono hukucheka, kumbe hata hapo ulikuwa unanipanga tu kwa maneno! Hilo ndilo linaniuma zaidi. Sasa sijui katika maneno yote uliyowahi kuniambia nibaki na lipi.

"Uko sawa, mama?" mchunguzi akaniuliza. Ningejibu kwamba ndiyo, ni sauti yake, hakuwa mgonjwa, nikaenda zangu. Jina lako lingebaki safi na Adan angekua mtoto wa rubani hodari. Haki ya Mungu nilitaka kufanya hivyo. Lakini ile "sawa kaka" ilikataa kunitoka masikioni. Nikamwambia hakukuwa na mbuzi. Nikamweleza punda, lori, ngamia, yote, huku nalia kwa aibu. Wakaenda kuwauliza wafugaji wa pale. Mifugo yote ilikuwa imehamishwa kufuata malisho, hakukuwa na hata mbuzi mmoja.

Mama yako aliposikia alinipigia simu kutoka Garbatulla. "Umenizikia mtoto mara ya pili," akasema, akakata. Kaka yako haji tena kunywa chai kwangu. Adan ameniuliza kama baba alikuwa mwongo. Nimemwambia ndiyo. Nimemwambia pia kwamba ulimpenda.

Jana nikaenda kwa baba yake Makena, nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alinisikiliza na miraa mkononi.

"Kwa hivyo alingoja?" akauliza.

"Alingoja, mzee. Alimwambia mume wangu atangulie."

"Na mbona akageuka?"

"Alimwamini."

Akaweka miraa chini, akalia palepale mbele ya wateja, mtu mzima. Nikakaa kando yake kwenye gunia. Hakunifukuza.

Sina lingine. Lala salama kama unaweza. Dua nitakuombea, hiyo ni haki yako kwangu na sitakunyima. Ila siku hizi nikimaliza jina lako, nataja la Makena, na siku nyingine naanza na lake.

Mkeo,
Mama Adan