Upasuaji wa Shangazi Yako

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Tabora tu wazima. Babu yako yuko Ipole anarina asali. Umeniuliza mchague upasuaji upi kwa mtoto wenu mchanga: mdogo sasa, kisha avae kofia ngumu ya kurekebisha kichwa, au mkubwa baadaye.

Enzi za Ujamaa, shangazi yako Mwajuma naye alizaliwa hivyo hivyo, mifupa ya kichwa imeshaungana kabla ya wakati, ubongo ukakosa nafasi ya kukua. Tulimpeleka Dar. Daktari akasema, "Tukikata ukanda wa mfupa sasa, kidonda ni kidogo, lakini mifupa inaweza kuungana tena. Tukingoja, tutapanga upya fuvu, ila atapoteza damu nyingi."

Babu yako alitaka tungoje. Mimi nikauliza, "Baada ya hapo, kila njia inatutaka sisi tufanye nini?" Daktari akavuta kiti, akatueleza kwa kirefu: tukikata mapema, tumrudishe mara kwa mara apimwe kichwa; tukingoja, tutafute watu wa kumtolea damu. Tukachagua kukata mapema, na kumrudisha kila alipotuita. Kichwa kilikua vizuri. Leo Mwajuma anafundisha hesabu Nzega.

Upasuaji wa siku hizi siujui. Mwulizeni daktari wenu kama nilivyouliza, kisha mchague njia mtakayoimudu. Nimeshakata tiketi ya treni ya kuja kwenu. Mtoto akitoka hospitali atahitaji mikono ya kumbeba.

Bibi yako,
Asha